MWENYE SHIBE HAMJUI MWENYE NJAA: FUNZO KUTOKA MKOA WA ANHUI

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Leo kalamu yangu inafunga safari ndefu hadi Uchina. Sababu ya safari ni kauli ninayoisikia kila mara katika midahalo yetu, na hata katika matatu jioni sisi wa shule ya kutwa tunaporudi makwetu. Ati Wachina wameendelea kwa kuwa hawapotezi wakati na siasa. Mkubwa akisema, mambo yanafanyika. Mwingine huongeza kwamba nasi tungepata serikali ya namna hiyo, shida zetu zingekwisha kwa mwaka mmoja.

Mimi nasema hebu tungoje kidogo. Uchina ni nchi kubwa mno kuzungumzwa kwa pumzi moja, kwa hivyo nitachukua mkoa mmoja tu, nieleze ulivyoanza, unavyotawaliwa na yaliyowapata watu wake. Msimamo wangu ni huu: serikali ya mkoa iliyojengwa ili imsikilize aliye juu peke yake inaweza kufanya kazi kwa haraka, lakini siku aliye juu anapokosea hakuna wa kumwambia, na gharama humwangukia mkulima.

Mkoa wenyewe unaitwa Anhui. Uko mashariki ya Uchina, hatua chache kutoka pwani. Mito miwili inaupitia, Huai upande wa kaskazini na Yangtze upande wa kusini. Kaskazini wanalima ngano, kusini mpunga. Ukubwa wake ni kilomita mraba 140,000 hivi, chini kidogo ya robo ya Kenya. Lakini sikiza maajabu: sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu milioni 61, ilhali sensa yetu ya mwaka 2019 ilitupata Wakenya milioni 47.6. Naam, mkoa mmoja unatushinda nchi nzima! Basi anayeuongoza mkoa huo anashika mikononi maisha ya watu wengi kuliko marais kadha wa kadha.

Tuanze na asili. Neno la Kichina la mkoa ni sheng, na hapo kale halikuwa na maana ya ardhi bali ya ofisi. Wamongolia walipoitawala Uchina kwa jina la Yuan, kuanzia mwaka 1271 hadi 1368, walikuwa na ofisi kuu katika mji mkuu, wakatuma matawi yake yakakae sehemu za mbali. Matawi yakakaa, watu wakayazoea, na jina la ofisi likageuka kuwa jina la nchi iliyotawaliwa na ofisi hiyo. Ndugu msomaji, liweke jambo hili akilini maana tutalirejea. Mkoa wa Kichina ulianza kama mkono wa mji mkuu ulionyoshwa mbali. Haukuanza kwa wenyeji kukutana na kusema, "Na tuwe na serikali yetu."

Aliyewaondoa Wamongolia alikuwa mtoto wa maskini aliyeitwa Zhu Yuanzhang. Alizaliwa mwaka 1328 katika sehemu ambayo leo ni wilaya ya Fengyang, huko huko Anhui. Mwaka 1344 njaa na maradhi viliwaua wazazi wake, naye akawa mtumishi wa hekalu na ombaomba wa barabarani. Mwaka 1368 alikuwa mfalme wa kwanza wa Ming. Aliogopa kwamba mkuu wa mkoa mwenye nguvu nyingi angeweza kumwasi, kwa hivyo mwaka 1376 akaivunja serikali ya mkoa vipande vitatu: ofisi ya utawala na kodi, ofisi ya sheria na ukaguzi, na ofisi ya majeshi. Kila moja ilipeleka habari zake kwa mfalme. Hapo utaona kwamba hata mtu aliyeijua njaa kwa tumbo lake mwenyewe, alipokalia kiti alifikiria kwanza usalama wa kiti. Wafalme waliomfuata walilazimika kutuma magavana wa kuviunganisha vipande hivyo, kwa kuwa kazi haiendi ikiwa na vichwa vitatu.

Anhui yenyewe ilipata kuwa mkoa wakati wa ufalme wa Qing. Mwaka 1667 mkoa mkubwa ulioitwa Jiangnan uligawanywa, sehemu moja ikawa Jiangsu na nyingine Anhui. Jina Anhui ni vipande viwili vya majina ya miji, Anqing na Huizhou, vilivyounganishwa. Gavana alikaa Anqing, na juu yake alikuwepo gavana mkuu aliyekaa Nanjing na kusimamia Anhui, Jiangsu na Jiangxi kwa pamoja. La kuchekesha ni kwamba ofisi ya utawala na hazina ya Anhui iliendelea kukaa Nanjing, nje ya mkoa wake, hadi mwaka 1760! Vijana wa Anhui nao walivuka kwenda Nanjing kufanya mtihani wa mkoa, ule uliokuwa ukifanywa kila baada ya miaka mitatu. Ninyi mnaolalamika kuhusu mtihani wa mwigo mnaufanya karibu na kwenu, mshukuruni Mungu.

Qing walikuwa na sheria nyingine ambayo mimi naiona ina hekima na hasara pia. Afisa hakuruhusiwa kutawala mkoa aliozaliwa. Hekima yake ni kwamba hawezi kuwapa shangazi na binamu zake kazi zote. Hasara ni kwamba aliletwa mgeni, mara nyingi asiyeelewa lahaja ya wenyeji, akakaa miaka michache na kuhamishwa. Macho yake yaliangalia Beijing, kulikotoka cheo na kulikotoka adhabu.

Karne ya 19 mambo yalilegea. Waasi wa Taiping waliuteka Anqing mwaka 1853, na majeshi ya serikali yakaurudisha mwaka 1861. Vita hivyo viliwafanya wakubwa wa mikoani waunde majeshi yao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Li Hongzhang, mzaliwa wa Hefei. Nguvu zilianza kuteremka kutoka Beijing, lakini hazikumfikia mkulima. Ziliishia kwa mwenye bunduki. Ufalme ulipoanguka kufuatia mapinduzi ya mwaka 1911, mikoa mingi ilishikwa na majemadari waliotoza kodi kama wapendavyo. Baadaye wakaja Wajapani, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Chama cha Kikomunisti kiliposhinda mwaka 1949, Anhui iligawanywa kwanza kaskazini na kusini, ikaunganishwa tena mwaka 1952, na makao makuu yakawa Hefei, ambako yapo hadi leo.

Sasa tuje kwenye muundo wa leo, na hapa naomba usisinzie. Ukiuliza, "Nani mkuu wa Anhui?" mtu atakujibu haraka, "Gavana." La hasha! Katika mkoa wa Kichina kuna nguzo kadhaa zilizosimama sambamba. Ipo Kamati ya Chama cha Kikomunisti ya mkoa, ikiongozwa na katibu. Lipo Bunge la Umma la mkoa. Ipo Serikali ya Umma, ikiongozwa na gavana na makamu wake. Lipo Baraza la Mashauriano ya Kisiasa, ambalo hutoa ushauri. Zipo mahakama na ofisi ya mashtaka, na tangu mwaka 2018 ipo pia tume ya usimamizi inayowachunguza maafisa. Ukisoma majina haya utadhani zinakagua nyumba zao zenyewe kwa zamu. Lakini mwenye neno la mwisho ni katibu wa chama. Gavana mwenyewe kwa kawaida huwa naibu wake katika kamati ya chama. Katibu anaamua njia, gavana anaendesha gari.

Je, nani humchagua gavana? Kwa sheria huchaguliwa na Bunge la Umma la mkoa kwa kipindi cha miaka 5. Ila wananchi hawapigi kura ya moja kwa moja kuwachagua wabunge wa mkoa. Raia hupiga kura kuchagua wajumbe wa tarafa na wa wilaya. Wajumbe wa wilaya huwachagua wa mji mkubwa, na wa mji mkubwa huwachagua wa mkoa. Anhui ina miji mikubwa 16 ya namna hii, na chini yake wilaya na sehemu za miji zaidi ya 100. Kura ya mkulima inapanda ngazi hizo zote, na inapofika Hefei jina la gavana huwa limeshakubaliwa na uongozi wa chama huko Beijing, na kwa kawaida mgombea ni mmoja. Idara nazo zina wakubwa wawili: idara ya elimu ya mkoa, kwa mfano, iko chini ya serikali ya mkoa na wakati huo huo inafuata wizara iliyoko Beijing.

Niwape mfano wa hapa shuleni. Tuseme kiranja wa darasa ameteuliwa na mwalimu, na ni mwalimu tu awezaye kumvua cheo. Mwalimu akimwuliza, "Darasa limetulia?" atajibu nini? Atajibu, "Limetulia sana, mwalimu," hata kama madawati yanaruka. Kiranja huyo si mwovu. Anajua tu ni nani anayempa cheo. Sasa mchukue huyo kiranja, mpe watu milioni thelathini na zaidi, kisha ilete njaa.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1958 Mao Zedong alitangaza mpango wa Mruko Mkubwa wa Mbele. Wakulima wakatiwa katika makomuni, mashamba yakawa ya pamoja, hata sufuria za nyumbani zikakusanywa na watu wakaambiwa wale katika majiko ya umma. Katibu wa chama huko Anhui alikuwa Zeng Xisheng, aliyeushika mkoa tangu mwaka 1952. Makao makuu yalitaka mavuno makubwa, basi wilaya zikaandika mavuno makubwa. Hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho. Shamba lililotoa gunia moja likaandikwa magunia kadhaa. Balaa ni kwamba nafaka ya serikali ilidaiwa kulingana na yaliyoandikwa, si kulingana na yaliyovunwa. Wakulima wakanyang'anywa hata mbegu, kwa sababu karatasi ilisema wanazo akiba.

Mwezi wa Julai mwaka 1959 makamu wa gavana, Zhang Kaifan, alikwenda wilaya ya Wuwei, alikozaliwa. Naye alikuwa mkubwa ndani ya chama, si mtu wa pembeni. Aliyoyaona huko yalimtosha. Watu walikuwa wanakufa. Papo hapo akaamuru majiko ya umma yafungwe, kila mtu arudi apike kwake, na wakulima warudishiwe vishamba vyao vidogo. Kwa siku chache tu maelfu ya majiko yalifungwa, na moshi ukaanza kutoka tena katika nyumba za watu.

Wakati huo huo wakubwa wa chama walikuwa mkutanoni katika mlima Lushan. Habari za Wuwei zilipomfikia Mao, alimshutumu Zhang Kaifan kuwa adui wa mstari wa chama. Zhang akavuliwa vyeo na kuwekwa kizuizini, na maelfu ya wengine katika wilaya ile wakaadhibiwa pamoja naye. Ilimbidi angoje muda mrefu kabla ya jina lake kusafishwa kabisa. Wenzangu, hebu fikirini. Makamu wa gavana, mtu wa pili au wa tatu katika mkoa, alisema watu wana njaa, na kwa kusema hivyo akafungwa. Baada ya hapo chifu wa kijiji angethubutu kusema nini?

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Mwanahistoria Mchina, Cao Shuji, aliyechunguza kumbukumbu za wilaya, alikadiria kwamba njaa ile iliua watu zaidi ya milioni 6 Anhui peke yake, yaani kama watu 18 katika kila 100. Kwa uwiano, hakuna mkoa mwingine ulioumia hivyo. Na Fengyang, wilaya ya yule mfalme aliyekuwa ombaomba, ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoteketea.

Kuna watu husema kosa lilikuwa la Zeng Xisheng, mtu mbaya basi. Mimi sikubali kwamba jambo ni rahisi hivyo. Mwaka 1961 Zeng huyo huyo, alipouona mkoa umekuwa makaburi, aliruhusu wakulima wapewe mashamba ya kuwajibika nayo, kila nyumba na eneo lake. Vijiji vingi mno vilijiunga kwa mwaka mmoja, na chakula kikaanza kuonekana. Viongozi kadhaa waliupenda mpango huo. Deng Xiaoping mwaka 1962 aliutetea kwa methali ya kwao ya paka, kwamba rangi yake si kitu mradi anakamata panya. Mao hakuupenda. Mwaka huo wa 1962 Zeng aliondolewa na mashamba yakarudishwa kwa makomuni. Umeona? Alipokosea kwa kumfuata mkubwa, alibaki kitini. Alipojaribu kurekebisha, ndipo kiti kikamponyoka.

Miaka ikapita. Mapinduzi ya Utamaduni yalipofika, serikali ya mkoa yenyewe ilifutwa na mahali pake pakawekwa kamati ya mapinduzi kuanzia mwaka 1968. Mao alikufa mwaka 1976. Mwaka uliofuata, 1977, Anhui ikaletewa katibu mpya, jina lake Wan Li. Huyu alifanya jambo dogo ambalo wenzake hawakulifanya: alikwenda kuona. Miezi ya mwanzo alizunguka vijijini, mara nyingi bila kutangaza anakokwenda. Inasimuliwa kwamba katika milima ya Jinzhai alikuta watu wasiotoka nje wakati wa baridi kwa kuwa hawana suruali. Mwezi wa Novemba mwaka ule kamati ya mkoa ikatoa maagizo 6 ya kuwapunguzia wakulima amri, na mwaka 1978 ulipokuja ukame mkali mkoa ukawaruhusu waazimwe ardhi wapande ngano.

Majira ya baridi ya mwaka 1978, katika kijiji cha Xiaogang huko Fengyang, wakulima 18 walikutana kwa siri usiku. Kijiji chao kilikuwa maarufu kwa kuombaomba. Kila mwaka watu walibeba ngoma na kwenda mbali kuimba mlango kwa mlango ili wapewe chakula. Usiku ule waligawana mashamba ya komuni, kila nyumba lake. Walikubaliana kulipa nafaka ya serikali kikamilifu na kutoiomba serikali chochote. Kisha wakakubaliana jambo ambalo lilinitoa machozi nilipolisoma: viongozi wao wakifungwa au kuuawa, waliobaki watawalea watoto wao hadi wafike miaka 18. Wakatia alama zao kwenye karatasi. Karatasi yenye mapatano hayo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Beijing.

Kumbuka kwamba kugawa mashamba kwa nyumba kulikuwa bado kumekatazwa na Beijing. Siri haikudumu. Mkuu wa wilaya aliijua, akanyamaza. Wan Li naye aliijua, akaruhusu wajaribu. Mavuno ya mwaka 1979 yalikuwa makubwa kuliko walivyowahi kuona kwa miaka mingi. Wakulima wakatunga msemo kwamba mwenye kutaka wali amtafute Wan Li. Mwaka 1980 alipandishwa cheo akaenda Beijing, na kabla ya miaka mingi mtindo wa Xiaogang ulienea nchi nzima, makomuni yakavunjwa.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kiti cha Zeng Xisheng na kiti cha Wan Li kilikuwa kimoja. Mkoa ulikuwa ule ule, chama kile kile, ngazi zile zile. Mmoja alikuta mlango wa juu umefungwa, mwingine akakuta umefunguliwa kidogo kwa sababu aliyeufunga amekufa. Mkulima wa Xiaogang hakubadilisha kitu kwa kura wala kwa malalamiko. Alibahatika kupata katibu mwenye masikio. Je, mtoto alale na njaa au ashibe kwa bahati ya nani ametumwa kutoka mji mkuu? Mimi nasema hapana. Serikali nzuri ni ile ambayo hata akija mkubwa asiyesikia, analazimika kusikia.

Najua kuna msomaji anayening'ong'a: "Lakini tazama Hefei leo!" Ni haki yake, nami sitaficha. Hefei uliokuwa mji mdogo wa wakulima ulipokea Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichohamishwa kutoka Beijing mwaka 1970, ukakitunza. Mwaka 2008 serikali ya mji ilitia fedha nyingi katika kiwanda cha vioo vya televisheni na simu cha kampuni ya BOE wakati wengi walidhani ni wazimu. Mwaka 2020 iliiokoa kampuni ya magari ya umeme ya NIO. Ngazi zile zile nilizozilaumu ndizo zilizowezesha mipango ya miaka mingi bila kuvunjwa kila uchaguzi. Aidha, Anhui ndiyo iliyochaguliwa mwaka 2000 kujaribu kupunguza kodi na ada walizotozwa wakulima, na tangu mwaka 2006 kodi ya kilimo imefutwa Uchina kote, kodi iliyodumu tangu enzi za wafalme. Hayo ni mema, na mwenye macho haambiwi tazama.

Hata hivyo, jiulize, nani alipaza sauti kuhusu kodi hizo? Miongoni mwao ni mke na mume, waandishi wa Hefei, Wu Chuntao na Chen Guidi. Walitembea vijiji vya Anhui, wakaandika kitabu kuhusu mateso ya wakulima kwa maafisa wa chini. Kilitoka mwaka 2004, kikanunuliwa kama maandazi ya asubuhi, na mwaka huo huo kikapigwa marufuku. Walichosema kilikuwa kweli ya kutosha kwa serikali kuifuta kodi, lakini hawakuruhusiwa kuendelea kukisema. Amri nzuri inateremka ngazi kwa kasi, nakubali. Amri mbaya nayo inateremka kwa kasi ile ile, na mwaka 1959 ndio ushahidi.

Kwetu je? Wazazi wetu wanakumbuka enzi za mkuu wa mkoa, aliyeteuliwa na Rais na kuwajibika kwake. Naona yule alifanana na gavana wa Kichina kuliko magavana wetu 47, ambao tumewachagua tangu mwaka 2013. Sisemi wetu ni malaika, maana magazeti mnayasoma. Ila gavana wetu anajua kwamba baada ya miaka mitano atarudi kijijini kwetu kupiga magoti. Aliye juu mngoje chini. Haki hiyo ya kumngoja chini ndiyo Zhang Kaifan na wale wakulima 18 hawakuwa nayo, na ndiyo baadhi yetu tuko tayari kuibadilisha na barabara ya lami.

Basi mwenzangu, siku utakaposimama kwenye mdahalo na kutamka kwamba tuige Uchina, nitakuuliza swali moja: Anhui ipi, ya mwaka 1959 au ya mwaka 1979? Nawe uniambie ni kitu gani katika muundo wenyewe, wala si katika wema wa mtu, kitakachotuhakikishia tunapata hiyo ya pili. Mwenye jibu na aliandike katika toleo lijalo. Nitalisoma kwa moyo mkunjufu, na likinishinda nitalipigia makofi.